Kabla Hujamuuliza Mtu wa Ujiji Kwao Wapi

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi moja Ujiji, siku wanafunzi walipoleta kazi zao za utafiti wa mitaa mbele ya wazazi na majirani. Nimeyaandika upya kwa sababu wengi waliniomba, na kwa sababu kipaza sauti kilinigomea mara mbili, waliokaa nyuma wakaambulia nusu.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Mwakeye.

Naona mmeitikia zote nne, hata wale ambao salamu si yao. Mwanafunzi anayetafuta ushahidi wa mchanganyiko wa watu Kigoma angeweza kufunga daftari hapo hapo akaenda kunywa chai.

Mheshimiwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, masheikh, wachungaji, walimu wenzangu, wazazi: itifaki imezingatiwa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Barua ya mwaliko imeniita mgeni rasmi, nami nimezaliwa hatua chache kutoka ukumbi huu, nikacheza rede uwanja huo wa nyuma kabla haujajengwa choo. Basi mnaona wenyewe ugeni ulivyo. Mtu anaweza kupewa kwa barua.

Wanangu, nimezisoma kazi zenu zote nne: ya Mwanga, ya Kibirizi, ya Gungu na ya hapa Ujiji. Sitazigawia maneno sawasawa. Nitakaa sana kwenye hii ya Ujiji, kwa sababu ilianzia barazani kwangu, na ilianza vibaya.

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nachagua mchele, na jirani yangu, bibi mmoja ambaye jina lake silitaji, alikuwa amekaa mkekani ananisimulia habari za harusi ya juzi. Bibi huyu ukimwachia nafasi, utaanza naye alfajiri na isha itawakuta njiani. Wakaja vijana wawili, sare zimepigwa pasi, mkononi wana fomu. Taratibu zote walikuwa wamezifuata: barua ya shule imepita kwa Mkurugenzi wa Manispaa, imeshuka kwa mtendaji wa kata, imefika mtaani ikagongwa muhuri. Wakaamkia vizuri, shikamoo bibi, shikamoo mwalimu. Wakakaa. Wakaanza kusoma.

Swali la kwanza: Kabila lako ni lipi? La pili: Wazazi wako walizaliwa nchi gani? La tatu: Walihamia Kigoma mwaka gani, na kwa sababu gani?

Bibi akajifunga kanga upya. Akasema, "Mimi, mwanangu, sijui kitu. Nimezaliwa hapahapa. Kitambulisho ninacho."

Hakuna aliyemwuliza kitambulisho. Akanyanyuka, akaingia kwake, akafunga mlango saa nne ya asubuhi, mlango ambao nimeishi nao miaka na sijauona umefungwa mchana ila siku ya msiba. Jioni akanijia kwa mlango wa uani, sauti ya chini: "Mwalimu, wale watoto wametumwa na nani?"

Vijana wakaandika kwenye fomu: "Mhojiwa hakutoa ushirikiano." Nimeyaona maneno hayo kwenye rasimu ya kwanza. Nikayawekea mstari mwekundu, ugonjwa wa ualimu haunitoki.

Sasa tulizungumze hili, maana ndilo lililonileta. Dar es Salaam mtu akikuuliza kwenu wapi, anatafuta mlango wa utani. Ukisema Kigoma atakuambia mwisho wa reli, atakuuliza umemletea dagaa wangapi, mtacheka, yamekwisha. Huku kwetu swali hilohilo limevaa sare na lina kalamu mkononi. Sisi tumepakana na Burundi kwa nchi kavu, na Kongo kwa maji. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, Muha wa Kasulu na Mrundi wa Makamba wanasikilizana bila mkalimani. Kwa hiyo mtu wa Kigoma anaweza kuwa raia tangu kwa babu wa babu, na bado lafudhi yake, au sura yake, au jina lake, likamfanya ajieleze.

Nilishawahi kushushwa kwenye basi, mimi na akina mama wengine watatu, kwenye kizuizi kimoja cha njiani. Babu mzaa baba anaitwa nani? Nikataja. Alizikwa wapi? Nikataja. Mjumbe wa nyumba kumi wa mtaani kwako nani? Nikataja, na nikaongeza na mke wake. Waliniuliza kwa adabu, siwezi kusema uongo. Lakini basi zima lilikuwa linasubiri, na abiria wananichungulia dirishani. Niliporudi kitini, mama niliyekaa naye, aliyekuwa ananigawia karanga tangu tumeondoka, alikuwa ameufunga mfuko wake ameuweka upande wa pili.

Zile karanga ndizo zilizokuwa mbele ya macho ya jirani yangu mliposoma swali la pili. Si kwamba hakutaka kuwasaidia. Mmemwuliza swali ambalo maisha yake yote amefundishwa kwamba jibu lake sahihi ni fupi.

Na hiyo ni hofu moja. Chini yake iko nyingine, ya zamani zaidi, ambayo ninyi kwa umri wenu hamkuijua, na walimu tunaifundisha kwa ramani za mishale kana kwamba ilitokea mwezini. Ujiji ilikua katika karne ya 19 kwa msafara. Pembe za ndovu zilivushwa ziwani kutoka Manyema, ng'ambo ya Kongo, zikapita hapa, zikapita Tabora, zikafika pwani. Pembe hazina miguu. Zilibebwa na watu, wengine wapagazi wa ujira, wengine waliokamatwa na kuuzwa. Wapo Wamanyema waliokuja kufanya biashara, wapo waliokuja wamefungwa kamba, na wapo wajukuu wa wote wawili waliooana wakajenga nyumba moja. Utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Hesabuni wenyewe. Mimi nikiwa msichana, mtu aliyezaliwa chini ya bwana alikuwa bado yuko barazani anasuka ukili.

Hapo Ujiji ikajitengenezea adabu yake. Mtu akishaswali nasi, akishavaa kanzu, akishaongea Kiswahili chetu, ameshakuwa muungwana, na babu yake hatuulizi. Wataalamu wangeita kusahau. Mimi naita sitara. Kulikuwa na watu mtaani kwetu ambao kila mzee alijua walifikaje, na hakuna aliyesema mpaka walipozikwa. Sasa wewe kijana wa miaka 17 unaingia na fomu, unauliza "kwa sababu gani?" Unajua umelifunua shuka la nani?

Wale vijana wawili, nawashukuru, hawakukata tamaa wala hawakukasirika. Walirudi kwangu wakaniuliza wamekosea wapi. Nikawaambia waziache fomu nyumbani, waje Alhamisi, siku bibi anapopika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese, na wamwulize juu ya chakula tu.

Wakaja. Mmoja wao akaona chungu. Chungu cheusi, mdomo umepasuka kidogo, kimekaa jikoni pembeni ya sufuria za kisasa kama mzee kwenye kikao cha vijana. Akauliza, "Bibi, hiki mbona hukitupi?"

Saa mbili na nusu, wanangu! Mchele wangu uliungua. Bibi aliwaeleza chungu kilivyovuka ziwa ndani ya mtumbwi, kimejazwa majani ili kisigongane na mwenzake, mwenzake akavunjika hata hivyo. Akawaeleza upepo wa usiku ule, akawaeleza nyumba ya kwanza waliyopokelewa na ilikuwa ya Muha, siyo ya ndugu. Akaeleza kwa nini mama yake alikataa kujifunza kupika kwa sufuria. Tarehe hakutaja, ila alisema mvua za mwaka huo zilikuwaje na meli gani ilikuwa inafanya kazi, na mwanafunzi wa historia aliyefundishwa vizuri hapo anatoka na mwaka wake. Ile meli ya Wajerumani iliyoundwa Papenburg, ikaunganishwa hapa bandarini, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kuanza tena safari mwaka 1927 kwa jina la Liemba, imewasaidia wazee wengi wa ziwa hili kuhesabu umri. Ukisikia "kabla Liemba haijarudi majini" umeshapata nusu ya jibu.

Majibu ya maswali yote matatu ya fomu yalipatikana siku ile. Hakuna hata moja lililoulizwa.

Sasa niwakosoe kidogo, maana sikuja kusifu tu. Katika kazi ya Ujiji kuna jedwali. Safu ya kwanza "wenyeji", mmewaweka Waha. Safu ya pili "wahamiaji", mmewaweka Wamanyema, Wabembe, Wabwari, Waarabu, Warundi. Nilipoliona nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Familia ya Kimanyema ambayo makaburi yake hapa Ujiji yana zaidi ya miaka mia mmeiandika mhamiaji. Kijana aliyeshuka kutoka Kasulu mwaka juzi kuja kuendesha bodaboda mmemwandika mwenyeji. Kwa mkoa, sawa, Buha ni nchi ya Waha na hakuna anayebisha. Lakini ninyi mnachunguza mtaa! Mtaani mwenyeji ni nani? Aliyezaliwa na lugha ya mkoa, au anayejua kisima cha zamani kilikuwa wapi na nani alikichimba?

Tena mtafakari mji wenyewe. Februari 1858 wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapa, wakiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani, akaishi India, akarudi Afrika. Bombay huyo huyo akaja tena mwaka 1871 na Stanley. Stanley akamkuta Livingstone, Mskoti. Aliyemkimbilia Stanley njiani kumpokea ni Susi, mtumishi wa Livingstone, naye kwao ni Shupanga, mto Zambezi. Kwa hiyo tukio ambalo watalii wanalifuata mpaka leo pale kwenye mnara, chini ya miembe, lilikuwa la wageni wanaokutana na wageni mbele ya wafanyabiashara wa Kiarabu na mji wa watu waliotoka kila upande wa ziwa. Tumewajengea mnara. Aliyewapikia siku ile hatumjui hata jina.

Na mji unahama wenyewe, wanangu, hata watu wakikaa. Reli ilipofika mwaka 1914 haikuishia Ujiji, ilikwenda kwenye ghuba ya Kigoma ambako maji ni ya kina na meli zinatia nanga vizuri. Ujiji iliyokuwa mji ikawa kitongoji cha kijiji chake. Wabelgiji wakaingia 1916 katika vita, na hata Waingereza walipopewa Tanganyika, Wabelgiji wakaachiwa sehemu yao bandarini kwa mkataba wa 1921, ili mizigo ya Kongo ipite. Makuli, makarani, mafundi wa reli, wauza chai, kila mmoja alikuja na lugha yake. Kundi la Mwanga mmeligusa hili, lakini mmelipa aya moja tu na kurasa nne mkazipa bei za vitenge. Vitenge vizuri. Aya ile ndiyo ilikuwa utafiti.

Mmoja wenu ameandika kwamba alikwama kupata idadi ya kila kabila katika kata, akalaumu ofisi kwamba zinaficha. Hapana, mwanangu. Hakuna kilichofichwa. Sensa ya mwisho kuuliza kabila katika nchi hii ilikuwa ya 1967. Zilizofuata, mpaka hii ya 2022, hazikuuliza. Tuliamua kama taifa kutokuhesabiana namna hiyo. Unaweza kuuona uamuzi huo kama pengo katika utafiti wako. Mimi nauona kuwa sehemu ya historia unayoiandika, na ulistahili ukurasa.

Mwalimu wenu aliwaonyesha kazi za nje, na amefanya vema. Aliwaonyesha ramani za Chicago za mwaka 1895, zilizotengenezwa na akina mama na wenzao waliokuwa wanaishi Hull House, nyumba ya kuhudumia jamii katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini. Walipita nyumba kwa nyumba, wakapaka kila kiwanja rangi ya taifa la waliokaa ndani: Waitaliano rangi yao, Wairish rangi yao, Wayahudi wa Urusi yao. Mataifa 18 katika kipande kidogo cha mji. Na aliwasimulia juu ya Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, aliyezunguka Philadelphia mwaka 1896 na 1897 akigonga milango ya watu weusi, wengi wao wamehama kutoka majimbo ya kusini, akaandika habari zao kwa uzito ambao hakuna aliyekuwa amewapa. Ni kazi za kuheshimiwa. Wale wa Chicago walikuwa na ramani ya pili, ya mishahara, na ukiziweka pamoja unaona ni nani anayelipwa nini na anaishi wapi. Walitaka mji uone aibu, na walikuwa na haki.

Lakini kundi la Gungu mkaichukua rangi mkaileta hapa. Nimeiona ramani yenu. Mmechora vizuri kuliko afisa ardhi, nyumba kwa nyumba, na nyumba tano mmezipaka rangi ya chungwa, maelezo pembeni: "waliotoka Kongo na Burundi miaka ya karibuni".

Nataka tukae hapa.

Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa. Kwa mkoa wetu hiyo ni kambi, kama Nyarugusu. Anayeishi nje bila kibali ana kosa. Sasa katika nyumba zile tano sijui nani ana kibali, nani ni raia, nani amepewa uraia kihalali. Mnakumbuka kwamba Warundi waliokuja 1972, wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya laki moja na nusu walipewa uraia wa nchi hii. Nani ni shemeji wa mtu amekuja kuuguza, hamjui pia. Hamkuwauliza, na mngewauliza wasingewaambia. Lakini mmewapaka rangi, na ramani ina namba za viwanja. Ilikuwa inaenda kutundikwa ukutani leo, mbele ya kila mtu. Mwalimu wenu aliizuia jana jioni nilipompigia simu. Mkinuna, nuneni kwangu.

Hata ile ya Chicago. Mwaka 1924, miaka isiyofika 30 baadaye, Marekani ilipitisha sheria ya kugawa nafasi za wahamiaji kwa kufuata taifa la asili, na mataifa mengi yaliyokuwa na rangi kwenye ile ramani yakafungiwa mlango au kuachiwa upenyo. Sisemi ramani ndiyo iliyoleta sheria. Waliochora walikuwa marafiki wa wale watu. Nasema tu rangi ikishakauka, aliyeipaka hana tena sauti juu ya atakayeisoma.

Kwa hiyo nimewaandalia mambo machache, nayo nimempa mwalimu wenu kwa karatasi. Jina la mtu lisiingie daftarini, liwekwe alama, na orodha ya alama ikae kwa mwalimu, si kwenye simu ya mwanafunzi ambayo dada yake anaichezea. Siku hizi hata sheria inawabana: tangu mwaka 2023 tunayo inayofanya kazi ya kulinda taarifa binafsi. Namba ya nyumba isiandikwe. Picha ya mtu isipigwe kabla hajajua inaenda wapi. Na muhuri wa mtaa, wanangu, msiutangulize. Najua mmefundishwa kuuonyesha kwanza. Uwe mfukoni, mtu akiuuliza utoeni. Kwa mtu aliyeshushwa kwenye basi, muhuri ndiyo kitu cha mwisho kinachomtuliza.

Nije Kibirizi, ambako nimefurahi.

Kundi la Kibirizi walikwenda mwaloni mara ya kwanza hakuna aliyewajali. Dagaa wametoka kuingia, wanawake wanapigana vikumbo na mabeseni, wewe unaleta dodoso! Wakarudi wakati wa mbalamwezi. Hapo ndipo nilipojua kuna mtoto wa mvuvi katika kundi. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mwezi ukiwa mkali taa haivuti samaki. Basi wavuvi wanapumzika, wamekaa chini wanashona nyavu, na mtu anayeshona nyavu ana mikono yenye kazi na mdomo usio na kazi. Hakuna mhojiwa bora duniani.

Na hawakuuliza mtu katoka wapi. Walibeba samaki. Walimwonyesha kila mtu mgebuka mmoja, wakasema: huyu anaitwaje? Wengi wakasema mgebuka. Mama mmoja mnunuzi akasema mukeke, na wenzake wakamcheka, akasema ndiyo, wateja wangu wa Bujumbura wanamwita hivyo, nikisema mgebuka hawanunui. Wakaonyesha dagaa. Akajitokeza wa kusema ndagala, na mzee mmoja aliyefanya kazi melini akasema kule Mpulungu, Zambia, anaitwa kapenta. Kutoka hapo wakachora ramani, na hiyo inaning'inia pale ukutani, nendeni mkaione: haina nyumba hata moja, ina majina ya samaki na mistari ya maji inayoonyesha jina lilifika na nani, kwa biashara gani. Utaona Kalemie, utaona Uvira, utaona Rumonge. Utajua Kibirizi inaishi na nani bila kumtaja jirani yako.

Kosa lao moja. Wameandika kwamba majina hayo "yanaathiri Kiswahili sanifu". Kiswahili sanifu hakijawahi kuvua. Futeni sentensi hiyo.

Kuna jambo hakuna kundi lililoligusa, nami sitalikalia sana kwa kuwa muda umekwenda na naona mwenyekiti anaangalia saa. Nyote mmeandika juu ya waliokuja. Waliotoka je? Babu zenu Waha walijaza mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi nzima ya kuwakusanya vibarua, SILABU, iliyoanzishwa 1944. Walipakiwa kwenye treni kutoka hapa Kigoma, wakaitwa kwa namba, wakawa manamba. Wengine hawakurudi. Huko Tanga wako watu leo wanaoulizwa kwenu wapi, wanasema Kigoma, na hawajawahi kuliona ziwa. Na Kariakoo, Dar es Salaam, kuna msikiti unaitwa wa Manyema. Mwakani nataka kundi moja lipande treni. Nauli tutachangishana, mwenyekiti amenisikia.

Mzazi mmoja pale mlangoni kabla hatujaanza aliniuliza, Mwalimu, kuna haja gani ya kuwafundisha watoto kuchimbua haya, si ni kuwasha moto? Nilimjibu kwa haraka, sasa nimjibu vizuri. Mei 2015 Warundi walijazana Kagunga, kijiji kile kidogo mpakani, maelfu kwa maelfu, kipindupindu kikaingia. Liemba ikawa inawaleta Kigoma, wakishuka wanapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika kusubiri mabasi ya kambini. Ninyi mlikuwa wadogo. Katika siku zile nilisikia mtaani maneno ya aina mbili. Kuna waliosema watatuletea maradhi. Na kuna waliokoka moto uani wakapika uji wakaubeba kwa ndoo mpaka uwanjani, na wa kwanza kuukoka katika mtaa wangu alikuwa ni mtu niliyekwisha mtaja leo, mwenye chungu. Sikumwuliza kwa nini. Nilijua, maana nilikuwa najua chungu kilifikaje. Wale waliosema maneno ya kwanza, baadhi yao bibi zao walifika kwa mtumbwi uleule, ila nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuwaambia. Ndiyo haja, baba. Sitara tuliyowawekea wazee ilikuwa ya heshima, lakini wajukuu wamedhani hakuna kitu chini ya shuka.

Ugumu wake siuondoi. Nimewaambia msimfunue mtu, na sasa nawaambia msiache kitu kisahauliwe. Mtalazimika kuyashika yote mawili kwa mkono mmoja, na kuna siku mtakosea kama mlivyokosea barazani kwangu, na mtu atafunga mlango. Mkikosea, msiandike kwamba hakutoa ushirikiano.

La mwisho ni la kazi tu. Kundi la Ujiji, jana usiku nilimsomea mwenye chungu kurasa zenu zote, taa ya kandili maana umeme ulikatika. Msigeuke kumtafuta, sijasema kama yumo humu ukumbini. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia nirudie pale kwenye upepo. Halafu akasema mna kosa ukurasa wa sita: chungu kilichovunjika njiani ndicho kilichokuwa cha mama yake. Hiki kilichobaki kilikuwa cha mama mwingine, aliyekuwa mtumbwi huohuo, ambaye hakufika. Mama yake alikitunza ili ndugu zake wakija kumwulizia wakikute.

Hilo hakuwaambia ninyi wala hakuwahi kuniambia mimi. Amesema mnaweza kuliandika, bila jina. Rekebisheni kabla hamjajalidi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Chai iko nje, na mihogo.